Mahali pa Kusikilizia

Gitaa la umeme likipigwa bila kuchomekwa kwenye amplifaya, aliye chumba cha pili hasikii kitu. Ubao wake kwa kawaida ni mzito na hauna tumbo la kuvumisha sauti, kwa hiyo nyuzi zinalia kwa unyonge, zikimtosha mpigaji mwenyewe tu. Kinachoifanya sauti hiyo hiyo ijaze ukumbi ni kifaa kidogo kilicholala chini ya nyuzi, ambacho wapigaji wanakiita pikapu: sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Pikapu haipigi chochote wala haiimbi. Kazi yake yote ni kusikiliza.

Ndiyo maana mpigaji anapong'oa pikapu zilizokuja na gitaa lake na kujaribu nyingine, naona anafanya jambo linalostahili kutafakariwa hata na mtu asiyewahi kushika chombo cha muziki. Nyuzi hazibadilishi, mkono haubadilishi, wimbo haubadilishi. Anabadilisha sikio. Kisha anapiga wimbo ule ule, na kinachotoka ni kitu kingine. Swali linakuja lenyewe: kama uzi ni ule ule na kidole ni kile kile, sauti ya kweli ya gitaa hili ilikuwa ipi, ya jana au ya leo?

Ili swali lisielee hewani, ni vizuri kwanza kujua pikapu inasikiaje. Mwaka 1831 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kwenye gitaa sumaku na koili vimetulia. Kinachosogea ni uzi. Uzi ni wa chuma, na kwa kukaa juu ya sumaku nao unakuwa sumaku hafifu. Ukitikisika, unaitikisa nguvu ya sumaku iliyouzunguka, na koili inatoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa mwendo wa uzi. Umeme huo ndio unaosafiri kwenye waya hadi kwenye amplifaya. Hewa haina nafasi katika mazungumzo hayo. Gitaa la nyuzi za nailoni unaweza kulicharaza kutwa nzima juu ya pikapu ya namna hii, na spika isitoe neno, kwa sababu nailoni haina la kuiambia sumaku.

George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walipoanza kutengeneza na kuuza magitaa ya umeme ya namna hii, huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, shida waliyotaka kuitatua ilikuwa moja: gitaa lisimezwe na tarumbeta na ngoma. Beauchamp alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1937. Walitafuta ukubwa wa sauti, na waliupata. Lakini pamoja na ukubwa walileta duniani kitu ambacho bado kinatufikirisha, yaani sikio linaloweza kung'olewa na kuwekwa jingine.

Sikio hilo lina tabia ya kwanza ambayo haliwezi kuikwepa: linasikia kutoka mahali. Uzi ukipigwa hautikisiki kwa namna moja. Unatikisika mzima mzima, na papo hapo unatikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Kila mtikisiko una sehemu zinazocheza sana na una vituo visivyosogea kabisa. Pikapu ikikaa moja kwa moja chini ya kituo cha mtikisiko fulani, kwa pikapu hiyo mtikisiko ule haupo. Kidole kikihamia mahali pengine kwenye shingo ya gitaa, vituo navyo vinahama, na kilichokuwa kimya kinaanza kusikika. Karibu na daraja, ambako uzi umebanwa na unacheza kidogo, pikapu inasikia ukali na makali ya mguso wa kwanza. Karibu na shingo inasikia unene na utamu. Uzi ni mmoja, dakika ni moja, taarifa ni mbili, na hakuna iliyo ya uongo.

Mtu anayeanza kubadilisha pikapu mara nyingi anaamini kwamba ipo mahali fulani pikapu moja itakayolitoa gitaa lake lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Naielewa hamu hiyo, na naiheshimu, kwa sababu ni hamu ya ukweli. Lakini naamini haiwezi kutimizwa kwa namna inavyotarajiwa. Hakuna pikapu inayosikiliza kutoka kila mahali. Hata ukiziweka tatu kwenye gitaa moja, utakuwa na masikio matatu yenye makao matatu. Usikivu usio na makao haupo, na sisi wenyewe hatujawahi kusikia neno la mtu yeyote bila kuwa tumesimama mahali fulani: katika umri fulani, katika lugha fulani, katika furaha au msiba wa siku hiyo.

Tabia ya pili inahusu ukaribu. Pembeni mwa pikapu kuna parafujo za kuipandisha na kuishusha. Anayetaka sauti kubwa anaipandisha, na sauti inakua kweli. Akizidi kipimo, mambo yanageuka. Sumaku kali iliyokaribia mno inauvuta uzi kuelekea kwake. Uzi unashindwa kucheza kwa uhuru, sauti inakufa mapema, na kwenye nyuzi nene, hasa vidole vikiwa juu karibu na mwili wa gitaa, unasikia myumbo kama wa sauti mbili zinazogombana ndani ya noti moja. Unaweza kutuni mara nyingi upendavyo, na bado gitaa lisikae sawa. Kisha unashusha pikapu kidogo kwa bisibisi, na uzi unaachiwa. Sauti imepungua ukubwa, lakini sasa ni ya uzi.

Kila ninapolitazama jambo hili namkumbuka mzee anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa ndugu. Akikaa mbali mno hasikii kiini cha neno. Akikaribia mno, akawa na upande, kila anayesema mbele yake anaanza kusema kile ambacho uso wa mzee unakivuta. Mzee mwenye busara anajua kuwapo kwake pale kunagusa maneno, na hajidanganyi kwamba hayupo. Anachofanya ni kutafuta umbali unaowaachia wasemaji pumzi. Sumaku nayo haiwezi kusikia bila kuvuta hata kidogo, kwa hiyo kazi ya fundi ni kupata kimo ambacho mvuto wake hauui kile inachokisikiliza.

Tabia ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuikubali: utulivu unalipiwa. Pikapu ya koili moja inasikia uzi vizuri, lakini inasikia pia mambo isiyotumwa. Umeme wa majumbani mwetu unabadili mwelekeo mara 50 kila sekunde na kurudi, na transfoma, taa na waya wa ukutani vyote vinavuma kwa kipimo hicho. Koili inaupokea mvumo huo na kuupeleka kwenye spika. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza ya suluhisho lake. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akazielekezea ncha tofauti za sumaku, na akaziunga kinyume. Mvumo wa nje unaingia koili zote mbili kwa namna moja, lakini kwa kuwa zimeungwa kinyume, unajifuta. Sauti ya uzi, ambayo inategemea ncha za sumaku, inageuzwa mara mbili, kwa hiyo inajumlishwa. Gibson walianza kuzifunga kwenye magitaa yao mwaka 1957, na hataza ikatoka mwaka 1959.

Ni wazo zuri kwelikweli. Hata hivyo, koili mbili zinausikia uzi kutoka sehemu mbili zilizopakana. Kwa mitikisiko mirefu tofauti hiyo si kitu. Kwa ile midogo kabisa, inayoleta mng'ao wa juu, sehemu moja ya uzi inaweza kuwa inapanda huku jirani yake inashuka, na koili hizo zikiijumlisha mienendo hiyo, inafutana. Ule mvumo haukuondoka peke yake. Ulifuatana na sehemu ya mng'ao. Wapo wapigaji wanaoupenda unene unaobaki na hawataki kurudi nyuma. Wapo wanaovumilia mvumo maisha yao yote ili wasipoteze ukali wa koili moja. Nawaheshimu wote, kwa sharti kwamba kila mmoja anajua amelipa nini. Kila uelewa wetu unakuwa kiziwi kwa jambo fulani, na hilo si aibu. Kukomaa ni kulijua lile tuliloamua kutolisikia.

Mfano unaonigusa kuliko yote katika historia ya kubadilisha pikapu ni wa Brian May, aliyekuja kujulikana kama mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa shule huko London, na gitaa alilolitamani lilikuwa ghali kuliko uwezo wa nyumbani kwao. Yeye na baba yake, Harold, mtu wa elektroniki, wakaamua kulitengeneza. Shingo waliichonga kutoka mkangazi mkuukuu uliokuwa rafu ya juu ya meko ya kuotea moto. Pikapu pia kijana alizitengeneza mwenyewe, kwa sumaku ndogo na koili za kuzungusha kwa mikono. Sauti yake aliipenda. Shida ilijitokeza alipoupinda uzi, yaani alipousukuma pembeni kwa kidole ili sauti ipande taratibu. Uzi ulipokatiza juu ya sumaku zile ndogo, kwa jinsi nguvu zao zilivyopangwa, gitaa lilitoa mkwaruzo usiotakiwa. Mwishowe alinunua pikapu tatu za kampuni ya Burns, akazimwagia gundi ngumu ya epoksi ndani ili koili zisitikisike na kupiga kelele, akazifunga. Ndizo alizopiga nazo katika muziki uliomtangaza duniani.

Hapo kuna mambo mawili ya kutazamwa kwa karibu. La kwanza, pikapu zake za mwanzo hazikuwa mbovu kwa jumla. Zilisikia vizuri mpaka uzi uliposogea kwa njia ambayo hazikuandaliwa kuifuata. Hata sisi tunasikiliza vizuri wanaosema kama tulivyozoea, na usikivu wetu unapimwa siku mtu anapolipinda neno. La pili, kilichomwonyesha May pikapu ipi inamfaa ni mkono wake. Alikuwa na jambo la kusema, na jambo hilo lilidai kupindwa kwa uzi. Bila dai hilo asingekuwa na sababu ya kuondoa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kujaribu masikio mapya bila kujua unataka kusema nini ni kuzunguka tu.

May aliongeza kitu kingine. Kila pikapu aliipa swichi ya kuiwasha na kuizima, na swichi ya kugeuza mwelekeo wa umeme wake. Pikapu mbili zikiwashwa moja ikiwa imegeuzwa, yale ambayo zote mbili zinayasikia sawa yanafutana, na kinachobaki ni tofauti yao: sauti nyembamba, ya puani, inayochoma. Peter Green wa bendi ya Fleetwood Mac alikuwa na gitaa ambalo sumaku ya pikapu yake ya shingoni ilikaa kinyume, na sauti yake ya kilio pikapu zote mbili zikiwashwa imetafutwa na wapigaji wengi tangu hapo. Masikio mawili yasiyokubaliana yanaweza kutoa jambo ambalo hakuna hata moja kati yao lingelisema peke yake.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, maana hapo ndipo uaminifu unapodaiwa. Unalegeza nyuzi zote, unafungua parafujo, unainua bamba. Ndani kuna waya wa rangi mbili tatu, na matone ya lehemu yaliyofifia. Unayeyusha lehemu, unavuta waya wa zamani, unaweka mpya, moshi mwembamba unapanda. Kabla ya kufunga unawasha amplifaya na kugusa sumaku kwa ncha ya bisibisi. Ikisikika "to" kwenye spika, njia iko wazi. Kisha unarudisha kila kitu, unavuta nyuzi, unatuni, unapiga. Kufikia hapo muda umekwisha kupita, na ile sauti ya awali haipo tena sikioni. Kilichobaki ni hisia yake, na hisia inakubali kushawishiwa. Pengine umefunga pia nyuzi mpya, na nyuzi mpya zinang'arisha chochote. Unadhani unaihukumu pikapu, kumbe unakihukumu chuma ambacho bado hakijapata kutu.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti nene na nyembamba kwa usawa ule ule katika kila kiwango cha ukubwa. Sauti ikiongezwa, besi inajaa zaidi mwilini, na muziki wote unaonekana umepata uhai. Pikapu yenye mizunguko mingi na sumaku kali inatoa umeme mwingi, kwa hiyo inasikika kubwa, na kwa kuwa ni kubwa inaonekana bora kabla haijasema lolote la maana. Anayetaka kutenda haki anashusha volyumu mpaka zilingane, anarekodi ya zamani na mpya kwa nyuzi zile zile na amplifaya ile ile isiyoguswa, kisha ndipo anasikiliza. Nidhamu hiyo ni ndogo, lakini ndani yake kuna adabu kubwa: usimpe mtu ushindi kwa sababu amepaza sauti.

Wala nambari hazitakuokoa. Pikapu ya Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954, inakuwa na waya wa unene wa takriban 0.06 mm uliozungushwa mara elfu saba na zaidi. Ukizijua hesabu hizo, na ukajua ukinzani wake ni ohmu ngapi, umejua habari za waya. Pikapu hiyo hiyo ukiiunga na kidhibiti cha volyumu cha kilohmu 250 itasikika tofauti na ukiiunga na cha 500. Tena ndani ya koili kuna mkono wa mtu. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi Fender mwaka 1956, alizungusha koili kwa miongo mingi, akiuongoza waya kwa vidole, na wapigaji wakawa wanazitafuta pikapu zilizopita mikononi mwake. Kwa hiyo hata sikio la sumaku lilifunzwa na mtu fulani namna ya kusikia.

Afrika Mashariki tunalijua jambo la mkono kwa njia yetu. Katika muziki wa dansi wa Tanzania bendi nyingi zilikuwa za taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipiga gitaa lililonunuliwa na mwajiri, si alilolichagua. Hata hivyo wasikilizaji hawakuwachanganya wapigaji. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipoiacha bendi ya Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, mkono wake ulijulikana katika bendi mpya kama ulivyojulikana katika ile ya zamani. Hilo halisemi kwamba pikapu ni upuuzi. Linasema kwamba sikio zuri linahitaji kwanza mtu mwenye neno.

Muziki huo unatufundisha na jambo jingine. Bendi kama Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilipangwa kwa magitaa ya solo, solo la pili, ridhimu na besi, zikipishana na kujibizana chini ya tarumbeta. Katika mpangilio huo pikapu iliyoonekana nene na tamu ukiwa peke yako chumbani inaweza kupotea kabisa, kwa sababu unene huo ni mahali pa besi. Ile uliyoidharau kwa wembamba wake inapita katikati ya wenzake na kusikika hadi mlangoni. Sauti haina thamani yake kamili ikiwa peke yake. Inaipata miongoni mwa nyingine, kwa kujua pa kuingia na pa kuacha nafasi.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Kama kila kitu kinategemea mahali pa kusikilizia, atasema, basi hakuna ukweli. Kila mmoja na pikapu yake, na mazungumzo yameisha. Nafikiri gitaa lenyewe linalijibu pingamizi hilo. Uzi uliolegea nusu noti utasikika umelegea kwenye koili moja na kwenye koili mbili, darajani na shingoni, kwa sumaku kali na kwa sumaku pole. Uzi uliochakaa hautafufuliwa na pikapu yoyote, na mpigaji aliyechelewa kuingia atasikika amechelewa kwenye zote. Pikapu zinatofautiana katika kile zinachokileta mbele, lakini zote zinawajibika kwa uzi mmoja. Wingi wa masikio hauufuti ukweli. Unatueleza kwa nini ukweli unahitaji kusikilizwa zaidi ya mara moja, na zaidi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo sioni ubatili katika kazi ya kujaribu pikapu, ilimradi tuache kuitafuta ile isiyo na upande. Swali ninaloliona la haki ni hili: nikisikilizia hapa, ni nini kinachonifungukia ambacho kwingine sikukisikia, na ni nini ninachokubali kukikosa? Likijibiwa kwa uaminifu, inafika siku ya kufunga parafujo na kuacha kubadilisha. Hapo ndipo kazi ndefu inapoanza, kwa sababu mkono unajifunza kwa sikio lililo mbele yake. Mpigaji aliyetulia na pikapu moja anagundua taratibu kwamba anagusa nyuzi kwa namna mpya, analegeza pale ambapo sumaku inasikia vikali, anakaza pale inaposikia kwa uvivu. Anayebadilisha kila mara hauruhusu mkono wake upate elimu hiyo. Maana, kwa gitaa na kwetu sisi, inahitaji tukae mahali tulipopachagua mpaka patubadilishe, huku tukikumbuka kwamba jirani yetu anausikia uzi ule ule kutoka upande wa pili, na kwamba tuna deni la kumuuliza anasikia nini.